Siku Walinzi Waliposimama

Watu wa Rangwe wanaonijua husema nina mdomo. Ni kweli ninao, na sioni haya. Nimegombana na makanga, nimegombana na wauza samaki, mchungaji nilimjibu mara moja, na mume wangu ndiyo usiseme. Lakini ilikuja siku moja ambayo sikutakiwa hata kufungua huo mdomo. Nilitakiwa kusimama tu mbele ya watu nionekane. Siku hiyo nilikaa kwenye nyasi nikichezea ukanda wa ndala yangu, na wala hakuna aliyeweza kunilaumu. Hadi leo nikikumbuka nacheka kwanza, halafu uchungu unakuja nyuma yake.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mama mkwe wangu alikuwa amepooza upande mmoja. Alianguka uani akipepeta wimbi, ungo ukamfunika kifuani, na sisi tuliokuwa jikoni tukafikiri anatania, kwa sababu alikuwa mtu wa mizaha. Hospitalini Homa Bay walimlaza, wakamtazama, kisha wakatuambia tumrudishe nyumbani tumtunze vizuri. Tumtunze! Neno tamu sana likitoka kwa daktari. Hakusema ni nani kati yetu atakayelibeba.

Haikuhitaji kusemwa. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la miwa kule Awendo, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi akinuka moshi wa mashamba. Na hata angekuwa nyumbani kila siku, kwetu mtoto wa kiume haogeshi mama yake. Nyumba inaweza kuwaka moto, yeye atamwita mwanamke kwanza. Wifi zangu walikuwa wameolewa mbali, kila mmoja na mzigo wake. Kwa hiyo nikabaki mimi. Nilikuwa na cherehani kwenye veranda ya duka moja pale sokoni, nashona sare za shule, na nilikuwa hodari, haki ya Mungu. Nikaifunika ile cherehani kwa gunia nikasema ni kwa muda tu. Panya wakazalia humo.

Nikuambie kazi yenyewe ilivyokuwa, maana watu hufikiri kumtunza mgonjwa ni kukaa naye mkaongea. Asubuhi unafungua shuka ukiomba Mungu isiwe imelowa, na imelowa. Unamvuta kando kwa leso uliyoipitisha chini ya mgongo wake, unatoa nailoni, unaiosha, unairudisha. Unamwogesha, unampaka mafuta, unampapasa kiunoni na visiginoni kuangalia kama ngozi imeanza kuiva, kwa sababu ikipasuka umekwisha. Unamtolea samaki miiba mpaka vidole vinakuwa vyekundu. Unamlisha polepole, asije akapaliwa. Halafu unamgeuza. Halafu unamgeuza tena. Ukienda kisimani unatembea mbio, ukienda kuni unatembea mbio, ukienda chooni huko nako una haraka.

Yeye mwenyewe hakuwa mbaya. Mdomo ulikuwa umepinda lakini utani haukupinda. Aliniita nyar Suna, yaani binti wa Suna, kwa kuwa mimi nilitoka upande wa Migori.

"Nyar Suna," ananiambia, maneno yakitoka nusu nusu, "leo umenigeuza kama chapati."

"Nyamaza, Mama. Nikikuacha upande mmoja utaungua."

Tunacheka, mate yanamtoka, namfuta. Tulipendana, sitasema uongo. Lakini kumpenda hakukunipa mgongo mwingine. Wageni walikuja na sukari, wakasali, wakamwambia atapona. Kina mama wa kanisa walikuja Sabato mchana, wakaimba vizuri sana, nikawapikia chai, wakaenda. Kuna siku nilimwuliza mmoja wao kama anaweza kukaa naye kidogo wiki hiyo. Akanishangaa kama niliyemwomba anisaidie kumnyonyesha mtoto wangu. "Si wewe upo?" akasema.

Sasa, mimi pia nilikuwa na mama.

Alikuwa Migori, nje ya mji, kule ambako mashamba yetu yanakaribiana na ya Wakuria. Baba alikuwa ameshafariki, ndugu zangu wawili pia. Nilikuwa mtoto wake pekee aliyebaki, na alikuwa anazeeka peke yake kwenye boma lile, na ng'ombe mmoja na mpangaji kwenye nyumba ndogo ya pembeni. Siku zile hatukuwa na simu. Habari zililetwa na wanawake wa omena, wale dagaa wa ziwani, waliokuwa wakizunguka masoko, Homa Bay, Rangwe, Awendo, Migori. Mmoja wao, mnene, mcheshi, alikuwa akipita kwangu kila alipotoka huko.

"Mama yako anakusalimia. Anasema uende akuone."

"Mwambie nitakuja."

Safari iliyofuata, maneno yale yale. "Anasema uende akuone. Anasema macho yanapungua." Nami jibu ni lile lile, mwambie nitakuja. Ilifika mahali yule mama wa omena akaniambia, "Mimi siwezi kuendelea kubeba huo uongo wako, ni mzito kuliko samaki." Alisema kwa kunitania, lakini nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia.

Nilikuwa nataka wiki moja tu. Nifike, nimpikie mama yangu, nimsuke nywele, nilale naye chumba kimoja tuongee mpaka usingizi. Wiki moja, kisha nirudi nigeuze chapati yangu. Nilijaribu. Wifi yangu mkubwa alikuja kunishikia zamu, na nikiwa bado nafunga mfuko, akanifuata nje ameshika pua, macho mekundu, akasema hawezi, ni mama yake lakini hawezi. Sikumkasirikia sana. Kuna watu Mungu hakuwapa tumbo la kazi ile. Nikafungua mfuko nikarudisha nguo kwenye kamba nilikozitoa.

Mama mkwe aliyasikia yote kutoka kitandani. "Nenda," akaniambia. "Nenda kwa mama yako. Mimi siendi popote."

"Na nani atakugeuza?"

Akageuza uso ukutani. Hilo halikuwa na utani wake.

Ndipo chifu akaitisha baraza. Tulitangaziwa tu kwamba kila boma litoe mtu, kuna afisa anakuja. Nitakueleza kwanza yale niliyokuja kuyajua baadaye, ili usipotee kama nilivyopotea mimi. Afisa yule alikuwa wa huduma za jamii. Kule juu kulikuwa na mazungumzo ya kutunga sheria ya watu wanaotunza wagonjwa na wazee nyumbani bila malipo. Wagonjwa walikuwa wamejaa manyumbani miaka ile, sababu unaijua, na hospitali zilikuwa zikiwarudisha kwetu. Sheria ingesema kwamba anayetunza naye ni mtu, anahitaji kupumzishwa, na kwamba kila tarafa iwe na watu waliofundishwa wa kuja kushika zamu kwa siku kadhaa. Kabla ya sheria kupita, walitaka kujaribu kwanza sehemu chache. Rangwe ingekuwa mojawapo, kama watunzaji wangeonekana kuwa wapo. Afisa alikuja kuwaona. Hakuwa na maneno mengi. Alitaka tu wasimame.

Mimi nilichelewa. Nilikuwa namwogesha mama mkwe, akaharisha katikati, nikaanza upya. Nilipofika uwanja wa chifu watu walikuwa wameshajaa, nikakaa nyuma kabisa karibu na ua wa mikatani. Afisa alikuwa kijana wa Pwani, Kiswahili chake laini, sauti yake ndogo, maneno yote yanaishia kwenye viti vya mbele. Sisi wa nyuma tulimsikia mkalimani tu. Mkalimani alikuwa karani mstaafu wa soko, na yeye Mungu alimpa sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto.

Afisa akasema, nilivyoambiwa baadaye, "Ningeomba watunzaji wote wa wagonjwa wasimame, tuwaone, tuwapigie makofi."

Mkalimani akavuta pumzi akapiga kelele, "Jorit, chung'uru malo!"

Sasa nikufafanulie. Kwa Kijaluo kuna neno rito, na neno hilo lina watoto wengi. Ukilinda duka, unarito. Ukimwangalia mgonjwa, unarito. Ukikaa njiani unamngojea mtu, unarito pia. Lakini ukisema jarit peke yake, bila kuongeza kitu, kila mtu sokoni anajua unamsema askari wa kulinda usiku, na wakiwa wengi ni jorit. Angeongeza jotuo, wagonjwa, neno moja dogo, tungejua anatusema sisi. Hakuongeza. Labda aliona ni fupi zaidi. Labda jua lilikuwa kali. Alichopiga kelele ni kwamba walinzi wasimame.

Na walinzi wakasimama! Wa maduka, wa shule, wa mashine ya kusaga, wa ghala la pamba lililokuwa limefungwa zamani, hata mzee mmoja aliyelinda makaburi ya misheni. Wote wanaume. Walisimama polepole, wakishangaa, wakivuta suruali, maana maisha yao yote hakuna afisa aliyewahi kuwaita. Uwanja mzima ukawapigia makofi. Na mimi nikapiga makofi. Nilipiga kwa nguvu, nikamwambia mwanamke aliyekaa kando yangu, aliyekuwa anamtunza mumewe nyumbani, "Hawa nao wanateseka na baridi, wacha waonekane." Naye akasema ndiyo, wacha waonekane. Wanawake wangapi tulikuwa kwenye nyasi zile, tunanuka sabuni na mkojo wa watu wengine, tukiwapigia makofi askari!

Afisa aliwaangalia akatabasamu. Fikiria anachokiona. Amekuja kutoka mbali kutafuta watunzaji, na hapa Rangwe anakuta watunzaji wote ni wanaume, wenye marungu. Bila shaka alifikiri sisi ni watu wa ajabu sana. Aliwauliza wanahitaji nini, mkalimani akawauliza, wakajibu. Mimi sikungoja. Nilikuwa nimemwacha mgonjwa ameegemezwa mto, nikaondoka mbio.

Aliyenieleza ni mwalimu wa shule ya msingi, jirani yetu, ambaye alikuwa amekaa mbele na akasikia vyote. Alinikuta nikianika shuka.

"Shemeji, mbona jana hukusimama?"

"Nisimame? Mimi ni askari?"

Akaniangalia. "Afisa hakuita askari. Aliita watunzaji wa wagonjwa. Ninyi."

Tuliangaliana, halafu tukacheka. Tulicheka mpaka mwalimu akashika kamba ya nguo, na mama mkwe ndani ya nyumba akauliza kuna nini, nikamweleza, naye akacheka, kitanda kikalia. "Jorit!" anasema. "Ninyi mlipaswa kwenda na filimbi!" Mwalimu akaendelea kunieleza kuhusu sheria, na watu wa zamu, na majaribio, kwamba mtu angekuja kukaa na mama siku kadhaa nami niende nilikotaka. Hapo ndipo kicheko kilinikauka. Nilikuwa nimeshika shuka iliyolowa, na maji yananitiririkia mkononi mpaka kwapani, na ninaiona Migori, ninaiona kabisa, njia ya kwetu, mlango wa mama, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye nyasi.

"Basi tukawaambie wamekosea," nikasema.

Kesho yake mke wa mwalimu alikubali kukaa na mama mkwe kidogo, nami nikaenda Homa Bay. Ofisi za wilaya zilijaa watu. Kijana wa Pwani alikuwa ameshaondoka kwenda sehemu nyingine. Nilimkuta bwana mmoja mwenye tai, mpole, akanipa kiti, na nikamweleza yote, rito na watoto wake wote, jarit na jatuo. Alikuwa Mluo kama mimi. Alicheka vizuri sana. Alisema hiyo atawasimulia wenzake. Halafu akasema, "Lakini Rangwe ilishapita, mama. Walisimama watu, wakaonekana, mambo yao yakaenda. Tutaweza kurudi tena kuwaambia wale walikuwa askari?"

"Ndiyo, mrudi."

"Sheria ikipita, itawafikia wote. Vumilieni."

Nilimwambia kwamba mama yangu hana muda wa kungojea sheria. Nilimwambia kwa sauti, mdomo wangu ukiwa umefika sasa, baada ya kuchelewa, na watu kwenye benchi wakageuka kuniangalia. Hakukasirika. Angekasirika ningefurahi. Aliinamisha kichwa tu akasema pole, mama, na aliposema vile nilijua amemaliza.

Walinzi ndio walioletewa kitu. Gari lilikuja, likashusha makoti ya mvua, gambuti na tochi. Mlinzi wa mashine ya kusaga, mzee mwenye adabu, alipita kwangu na koti lake jipya linalofika kwenye vifundo vya miguu, akasema aliambiwa ni kwa sababu anatunza. "Sijui natunza nini," akasema, "lakini nashukuru." Nikamwambia koti limempendeza. Lilikuwa limempendeza kweli. Mkalimani naye nilikutana naye njiani, nikamwangalia mpaka akavuka upande wa pili.

Sheria yenyewe sijui ilifia wapi. Nilikuwa nasikiliza redio kila taarifa ya habari, nimeweka mkono kwenye bega la mama mkwe anyamaze nisikie. Walizungumza juu ya vyama, na katiba, na bei ya miwa. Siku hizi nasikia tena maneno hayo, watunzaji, huduma za jamii, muswada, wanasema kwa Kiswahili kizuri sana. Wajukuu wangu wananiuliza kwa nini nazima redio. Nawaambia betri.

Yule mama wa omena alipita tena, na sikuwa na uongo mpya wa kumpa, nikampa ule wa zamani. Aliubeba bila kunitania. Hilo nililiona, na halikunipendeza.

Mara iliyofuata alikuja siku ambayo si ya soko. Alisimama mlangoni, mzigo ukiwa bado kichwani. Nilimpa kiti akakataa. Nikampa maji akakataa. Basi nikajua, nikaanza kupiga mayowe kabla hajasema.

Na sasa sikiliza jambo hili, kwa sababu ndilo linaloniuma hata zaidi ya makofi yale. Kabla ya jua kuwa kali, boma lilikuwa limejaa. Kina mama wa kanisa walikuja. Wifi zangu wote walikuja, na yule aliyeshika pua akavua viatu akaingia ndani kumgeuza mama yake, bila kuambiwa. Mwalimu alileta mkewe na binti wa mkewe. Mume wangu alitoka Awendo siku hiyo hiyo. "Nenda kazike mama yako," waliniambia, "usiwe na wasiwasi na huyu, kaa hata wiki mbili." Kwa msiba watu walipatikana. Kumbe walikuwepo siku zote! Nilitaka kuwauliza walikuwa wapi, na mdomo huu ninaousifia ukashindwa. Mama mkwe alinishika mkono kwa ule wake mzima akaulaza shavuni, hakuniita nyar Suna.

Nilifika Migori kesho yake. Uani wanawake walikuwa wanalia, nikalia nao, nikaingia nikamwona mama yangu amelazwa, mdogo sana, ameshasukwa nywele. Nikauliza nani amemsuka. Wakanionyesha mwanamke Mkuria aliyekuwa amesimama karibu na ukuta, mikono nyuma, kama mgeni. Alikuwa mke wa yule mpangaji wa nyumba ndogo, mumewe fundi wa matofali. Wakaniambia ndiye aliyekuwa naye hadi mwisho. Alimchotea maji, alimwogesha, alimpikia uji. Hakuna aliyemtuma na hakuna aliyemlipa. Naye kama angekuwa Rangwe siku ile, angeitwa asimame.

Tulikaa naye nyuma ya jiko. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, mimi na Kijaluo changu, yeye na Kikuria chake.

"Usilie sana, dada," akaniambia. "Mama yako hakuteseka. Alikuwa anaogopa tu."

"Anaogopa nini?"

"Wezi. Unajua huku kwetu mpakani vile mambo iko. Alipozidiwa, Kiswahili yote ilimtoka, akabaki na Kijaluo peke yake. Mchana watu wenu walikuwa wanapita, wanamsalimia, anaitika vizuri. Lakini jioni, jua likianza kwenda, nikiwa mimi na yeye tu na uji, ndiyo anaanza. Ananyoosha mkono kwa mlango. Anasema, arito nyara. Arito nyara."

Aliyasema kwa sauti ya mama yangu kabisa. Alikuwa ameyasikia mara nyingi mpaka akashika hata ule mvuto wake wa mwisho.

"Mimi Kijaluo najua ya sokoni tu," akaendelea. "Lakini jarit najua, ni askari. Na nyara nani asiyejua? Ni hawa watu wa kuteka nyara. Nikamwambia mzee wangu, huyu mama anaomba mlinzi, anaogopa kutekwa nyara. Mzee wangu ni mtu mzuri. Kila jioni akitoka kwa matofali alikuwa anasimama hapo mlangoni na rungu. Na mlango tuliweka komeo mpya. Tukifunga, anataka ifunguliwe. Analia ifunguliwe. Tukajua hiyo ni homa, tukafunga."

Mbele yangu kulikuwa na sufuria ya uji, ukoko wake umeanza kukauka, na nikawa naikwangua kwa kidole.

Kwa Kijaluo, nyara ni binti yangu. Arito nyara. Namngojea binti yangu. Kila jioni, wakati ambapo magari ya kutoka Rangwe huwa yanaingia Migori, mama yangu alinyoosha mkono kuelekea njiani akasema namngojea binti yangu, na watu wawili wema kuliko wote niliowahi kukutana nao wakamfungia mlango ili nisimfikie.

"Dada," akaniuliza yule mwanamke, "nilifanya vizuri?"

Alikuwa ananiangalia usoni, na mikono yake ilikuwa imekauka na kuchanika kwa sabuni, kama yangu. Mimi ninayegombana na kila mtu, nilitafuta hasira nikaikosa. Ningemwambia ukweli, angelala na nini?

"Ulifanya vizuri sana," nikamwambia. "Mimi nisingeweza kufanya zaidi."

Akashusha pumzi. Akacheka kidogo, akafuta macho, akasema atakwenda kumwambia mzee wake, maana naye alikuwa na wasiwasi kama watu wa familia wataridhika.

Nikamwambia nitamwambia mwenyewe. Nilizunguka nyumba. Jua lilikuwa linaanza kwenda. Mumewe alikuwa bado amesimama mlangoni pa mama yangu, vumbi jekundu la matofali hadi kwenye kope, rungu mkononi, akiwapisha waombolezaji wanaoingia na kuwaangalia usoni mmoja mmoja. Hakuna aliyemwambia kwamba kazi imekwisha. Aliponiona akasogea kando kwa heshima, akaniuliza mimi ni nani.

Nikamwambia mimi ndimi nyara, na kwa kuwa hakuelewa, nikasema tena kwa Kiswahili. Nikamwambia apumzike sasa, binti amefika.